Umeme na mguu unaoburuta baada ya kiharusi: jibu kwa msomaji wa Kadutu

Msomaji mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia hivi:

"Dokta, shikamoo. Baba yetu ana miaka 61, alikuwa mwalimu. Huu ni mwezi wa nane tangu apate AVC (kiharusi), na ni upande wa kuume uliopooza. Mkono haujarudi sana, lakini anatembea kwa fimbo. Shida yetu ni mguu: ncha ya kiatu inakwaruza chini, na ameshaanguka kwenye ngazi za udongo za nyumbani. Kaka yetu aliye Brussels ameona mashine ya umeme inayofungwa chini ya goti na kuuinua mguu, lakini bei yake inatisha. Jirani anasema tununue tu kile kimashine cha maumivu kinachouzwa famasi, eti umeme ni uleule. Tununue kipi? Na ni kweli umeme unaamsha mishipa iliyokufa?"

Marahaba, dada yangu, na poleni kwa ugonjwa wa mzee. Nianze na lile la pesa, maana najua ndilo linalowanyima usingizi. Msinunue chochote kabla mguu wa baba haujajaribiwa kwa umeme mbele ya kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) anayeifahamu kazi hiyo. Kimashine cha famasi kiacheni. Ile ya Brussels ni kifaa cha kweli na huenda ikamfaa, ila kabla yake kuna ateli, yaani kishikizo cha mguu cha plastiki, inayotengenezwa hapahapa Bukavu, ambayo kwa watu wengi humsaidia mgonjwa kutembea karibu sawasawa na mashine hiyo. Mimi ningeanza na ateli.

Sasa nieleze, maana mkielewa kinachotendeka ndani ya mguu hamtadanganywa na muuzaji yeyote.

Kiharusi kimeumiza ubongo wa baba. Mguu wenyewe haukuguswa. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo, ukapita nyuma ya paja, ukafika upande wa nje wa goti na kuzunguka kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje. Mshipa huo ndio unaoupa kazi msuli wa muundini, msuli unaouinua wayo kila tunapopiga hatua. Kwa baba, mshipa huo ungali hai na msuli wake ungali hai. Kilichopotea ni amri kutoka juu. Mashine ya kuinua mguu inapenya hapo: inapeleka msukumo mdogo wa umeme kwenye mshipa chini ya goti, mshipa unaupeleka kwenye msuli, na msuli unajikunja kana kwamba ubongo ndio ulioamuru.

Kwa hiyo swali lako la mwisho lina jibu lililo wazi. Umeme hauamshi mshipa uliokufa. Unafanya kazi kwa mgonjwa wa kiharusi kwa sababu mshipa wake haukufa. Nalisisitiza hili kwa kuwa hapa kwetu tuna watu wengi wenye mguu unaolegea kwa sababu nyingine kabisa, hasa watoto waliodungwa sindano ya kwinini matakoni, sindano ikaugusa mshipa mkubwa. Kwao ni mshipa wenyewe ulioumia, na ukiwawekea mashine hii wayo hauinuki. Familia zimeuza mbuzi na shamba kulipia "seansi za kuranti" (vipindi vya tiba ya umeme) kwa mtoto wa namna hiyo, na hilo huniumiza sana. Hata kwa mzee aliyepata kiharusi ni lazima tuhakikishe: kama ana sukari ya muda mrefu, au alilala hospitalini wiki nyingi goti likiwa limebanwa upande wa nje na ukingo wa kitanda, mshipa huo unaweza kuwa umeumia pia.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi, na ningependa uwepo pale ukiangalia. Kine atamkalisha baba kitini, goti limekunjwa kidogo, kisigino kikigusa sakafu kidogo tu. Atapapasa upande wa nje wa goti mpaka apate kifundo kigumu cha mfupa. Hicho ndicho kichwa cha ule mfupa mwembamba. Ngozi ya hapo itaoshwa kwa maji na kukaushwa, isiwe na mafuta ya kujipaka wala vazelini, kwa sababu mafuta huzuia umeme kupita vizuri. Kibandiko cha kwanza cha kupitishia umeme kitakaa chini kidogo na nyuma ya kifundo hicho, mahali mshipa unapopita karibu na ngozi. Cha pili kitakaa mbele, kwenye nyama ya muundi, upana wa vidole vichache chini zaidi. Kisha ataongeza nguvu polepole kutoka sifuri. Baba atasikia kwanza wadudu wakitambaa, kisha kuchomachoma, halafu kama mshipa ni mzima, wayo utanyanyuka wenyewe.

Usiangalie tu kama unanyanyuka. Angalia unanyanyuka vipi. Tunataka unyanyuke juu ukielekea nje kidogo sana, ili mguu utue kwa kisigino na kusimama imara. Ukipinda sana kwa nje, kibandiko cha juu kisogezwe mbele kidogo. Ukipinda kwa ndani, kirudishwe nyuma karibu zaidi na mshipa. Kutembeza kibandiko sentimita moja kunaweza kubadilisha kila kitu, na kine anayeweka vibandiko harakaharaka na kuondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine hajaipima kazi hiyo. Mahali pakipatikana, chora duara kwa kalamu ya bik kwenye ngozi ili nyumbani msipotee.

Jirani yenu anasema umeme ni uleule. Kwa kiasi fulani hajakosea: vyote viwili hutoa vipigo vidogo vya umeme kupitia vibandiko vya ngozini, na ukiongeza nguvu ya kile cha famasi unaweza kuona msuli ukicheza. Tofauti iko kwenye wakati. Mtu anapotembea, wayo unatakiwa kuinuka pale kisigino kinapoacha ardhi na kushuka kwa utaratibu kisigino kinapogusa tena. Mashine ya kutembelea ina swichi nyembamba chini ya kisigino ndani ya kiatu, au kipimo kwenye mkanda kinachotambua jinsi muundi unavyoinama. Kisigino kikipanda, umeme unawaka, kikitua, unazimika. Kimashine cha maumivu hakijui baba yuko wapi katika hatua yake. Kinapiga tu. Kikimkaza msuli wakati mguu umebeba uzito wa mwili, kinaweza kumwangusha.

Wazo hili la swichi ya kisigino si geni. Daktari Wladimir Liberson wa Marekani aliandika mwaka 1961 juu ya wagonjwa waliopooza upande mmoja waliotembea na kifaa cha namna hiyo. Aliona jambo ambalo hadi leo linatupa moyo: baadhi yao, baada ya kukitumia, waliweza kuinua wayo kwa muda hata kikiwa kimezimwa. Baadhi, siyo wote. Baadaye wataalamu wa Ljubljana, na wengine wa Salisbury kule Uingereza, walikiboresha, na mwaka 2009 taasisi ya NICE, inayoshauri huduma za afya za Uingereza, ilikubali kitumike kwa miguu inayoburuta kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo au uti wa mgongo. Kwa hiyo mtu akikwambia ni uchawi wa wazungu au ni jaribio tu, mjibu kwamba ni tiba inayojulikana na iliyopimwa.

Nasisitiza iliyopimwa, kwa kuwa vipimo hivyo vimetuambia jambo ambalo wauzaji hawalitangazi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwachukua watu 197 waliokuwa na mguu unaoburuta baada ya kiharusi, wengine wakapewa mashine ya umeme, wengine ateli, wakawafuatilia kwa wiki 30. Mwaka 2014 utafiti mwingine mkubwa zaidi, wa watu 495, ulifanya ulinganisho kama huo kwa miezi 6. Katika tafiti zote mbili, makundi yote mawili yaliongeza mwendo, na mashine haikuizidi ateli kwa kasi ya kutembea. Walichosema wengi katika ule wa kwanza ni kwamba waliipenda zaidi mashine. Hilo nalo lina uzito wake, kwa sababu kifaa ambacho mtu hakipendi hubaki chini ya kitanda. Lakini kwa familia inayohesabu kila faranga, ateli ndiyo ya kuanzia.

Ateli ninayoisema ni ganda la plastiki ngumu linaloshika nyuma ya muundi, likapita kisigino na kuendelea chini ya wayo, ndani ya kiatu. Inazuia ncha ya mguu kuning'inia. Hapa Bukavu kituo cha Heri Kwetu kinashughulikia watu wenye ulemavu wa viungo na vifaa vya namna hiyo, na ndugu zetu wa Goma wana Shirika la Umoja. Nzuri ni ile inayofinyangwa kwa kipimo cha mguu wa baba mwenyewe: fundi huufunga mguu kwa plasta, akapata umbo lake, kisha plastiki iliyopashwa moto inalazwa juu ya umbo hilo. Ateli ya kuazima kutoka kwa mtu mwingine huleta vidonda kwenye kifundo, na mgonjwa wa kiharusi ambaye hasikii vizuri upande huo hatakulalamikia mpaka uone damu kwenye soksi. Kiatu kitabidi kiwe kikubwa kwa namba moja, chenye kamba au mkanda. Ndala hazifai kabisa.

Hapa niseme kitu kuhusu milima yetu. Tafiti zile zilifanyika mahali penye sakafu laini na barabara za lami. Baba anaishi Kadutu. Ateli ngumu hukifunga kifundo kisipinde, na mtu anaposhuka mteremko kifundo kisichopinda hulisukuma goti mbele. Kwa mwenye paja dhaifu, goti linaweza kukunjika. Kwenye ngazi za udongo zilizolowa mvua hilo ni hatari. Kwa hiyo akiagiziwa ateli, mwelezeni fundi mnapoishi na mwombeni ile yenye bawaba kwenye kifundo, au yenye plastiki nyembamba inayopinda kidogo, kama nguvu za baba zinaruhusu. Na ajaribiwe kwenye mteremko, siyo kwenye korido ya kituo peke yake. Mashine ya umeme hukiacha kifundo huru, na kwa mtu wa Kadutu naona hii ndiyo faida yake kubwa kuliko zote. Kama ateli itamsumbua baba kwenye miteremko, hapo ndipo pesa za kaka yenu zitakapokuwa na sababu.

Lakini mjue kwamba bei ya mashine haiishii dukani. Vibandiko huisha gundi. Kwa matumizi ya kila siku hudumu wiki mbili hadi nne hivi, pungufu vumbi likiingia, na hapa hamtavipata kwa urahisi. Waya za swichi hukatika. Mashine nyingine hutumia betri ndogo kama za tochi, nyingine huchajiwa, na mnaijua SNEL yetu, shirika la umeme la Kongo. Kaka akinunua mashine bila akiba ya vibandiko na waya ya mwaka mzima, baada ya miezi mitatu itakuwa pambo la kabati.

Kuna watu ambao hatuwawekei umeme huu kabla ya kuzungumza na daktari wao: mwenye kifaa cha kuendesha moyo kilichopandikizwa kifuani, mwenye kifafa kisichotulia (na kiharusi chenyewe huweza kuacha kifafa, kwa hiyo kama baba amewahi kutetemeka na kuzimia, semeni), mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa damu wa mguu, mwenye uvimbe wa kansa mahali pale. Ngozi yenye kidonda hatuigusi. Hapa naongeza chale. Najua wengi wetu, hata walio wasomi, huwachanja wagonjwa wa kupooza kwenye muundi na gotini. Sitamlaumu mtu aliyetafuta msaada usiku akiwa na hofu, ila zisubiriwe zipone kabisa kabla ya kibandiko kuwekwa juu yake. Vivyo hivyo ule ukandaji wa maji ya moto: mguu usiohisi vizuri huungua bila mwenyewe kujua.

Na jambo moja lisifanywe hata kwa dakika moja. Nimesikia mafundi wanaojitengenezea "mashine ya kuranti" kwa kuchukua umeme wa ukutani na kuupunguza. Mashine ya tiba hutoa vipigo vya makumi ya miliampea, kila kipigo kikidumu chini ya nusu ya elfu moja ya sekunde, mara 30 au 40 kwa sekunde. Umeme wa ukutani unaua. Mtu akija nyumbani na kifaa chenye waya unaoingia moja kwa moja kwenye soketi ya SNEL na hakina alama wala karatasi ya kiwanda, mfungulie mlango atoke.

Labda unajiuliza vipi kuhusu umeme ule anaowekewa mtu akiwa amelala kitandani, nusu saa, kisha anarudi nyumbani. Una faida yake: unaweza kuutia nguvu msuli wa muundini na kulegeza kidogo ukakamavu wa shavu la mguu, hasa ukiunganishwa na mazoezi. Ila kutembea hufundishwa kwa kutembea. Kama analipishwa kwa kila seansi, na seansi nzima analala akiangalia dari, pesa hiyo ingefaa zaidi kumlipa kine amsimamishe na kumtembeza. Mwombeni kine kwamba kila umeme unapopiga, baba naye ajitahidi kuuinua wayo kwa nia yake yote, hata kama haoni ukinyanyuka. Umeme na juhudi yake vikija pamoja, ubongo una cha kujifunza.

Wakati mnasubiri kupimwa, ipo kazi ya nyumbani ambayo ikikosekana hakuna kifaa kitakachosaidia. Msuli wa shavu la mguu baada ya kiharusi hukaza na kufupika. Kifundo kikishindwa kufika pembe mraba, umeme hauna nguvu ya kukishinda, na ateli itachubua tu. Asubuhi na jioni baba asimame ameshika dirisha au meza nzito, mguu wa kuume nyuma, goti limenyooka, kisigino chote chini, halafu aegemee mbele taratibu mpaka asikie shavu likivutika, na akae hivyo akihesabu hadi thelathini. Arudie mara kadhaa. Wewe simama upande wake wa kuume, siyo wa kushoto. Kisigino kikigoma kushuka hata ukikisukuma kwa mkono akiwa amelala, mwambieni kine mapema, kwa kuwa hapo huenda akahitaji kufungwa plasta ya kunyoosha kabla ya mambo mengine.

Kisha atembee kila siku. Sakafuni kwanza, kisha uani, kisha barabarani pakiwa pakavu. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayorudisha mengi, lakini usimruhusu mtu awaambie kwamba miezi minane ni kuchelewa. Mwendo huendelea kuboreka kwa anayeendelea kuutumia. Nimeona wazee waliokaa mwaka mzima kitini wakirudi kwenda misa kwa miguu yao.

Dawa za tansio (shinikizo la damu) asiziache hata siku moja, hata akijisikia mzima, hata zikimsumbua kifua kwa kikohozi. Kama zinamsumbua, daktari atazibadilisha. Kiharusi cha pili hakiulizi kama ulishanunua mashine.

Kwa kaka yenu, mwandikieni hivi. Asilipe chochote mpaka mmempelekea majibu ya kipimo, pamoja na video fupi ya simu inayoonyesha baba akitembea kutoka upande na kutoka mbele, magoti yakionekana. Amuulize muuzaji kama mashine ina swichi ya kisigino au kipimo cha kuinama, kama inaweza kurudishwa ndani ya mwezi mmoja ikishindwa, vibandiko vinauzwa kwa bei gani na kama vya kampuni nyingine vinaingia, na betri ni ya aina gani. Aulize pia kama inaweza kurekebishwa hapa na kine wa kawaida kwa vitufe vyake, au inadai kompyuta na programu ya kiwanda. Kama inadai kompyuta, aiache. Na wakati anasubiri majibu hayo, atume kiasi kidogo cha ateli na cha moto (pikipiki) ya kumpeleka baba kwa kine na kumrudisha, mara mbili kwa wiki.